Mwandiko Nao ni Jina

Kila mwaka likizo inapokaribia huwa napata wageni. Ni mafrateri wa falsafa, au vijana wa vyuo vya ualimu, wamebeba bahasha yenye dodoso lililochapwa vizuri. Wanakwenda kukusanya data za tasnifu zao katika vijiji vyetu vya Kyela, na wanataka nilipitie kwanza. "Mwalimu, tuangalizie Kiswahili tu," ndivyo wanavyosema. Kiswahili nawaangalizia, lakini kabla ya hapo nauliza swali moja: "Mtoto akimaliza kujibu, karatasi yake ataikabidhi kwa nani?" Wengi hunyamaza. Hawakuwahi kulifikiria.

Wapendwa wasomaji, naandika makala hii kueleza kwa nini nauliza swali hilo. Katika tasnifu zetu, maadili ya utafiti hupewa aya moja mwishoni mwa sura ya tatu: "Mtafiti alizingatia usiri na ridhaa." Kisha tunasonga mbele. Maoni yangu ni kwamba aya hiyo imekaa mahali pabaya. Kosa la maadili na kosa la mbinu mara nyingi ni kosa moja, na mzizi wake ni mambo tuliyoyadhania kabla hatujauliza chochote. Anayemdhuru mtu anayemuuliza hapati ukweli kutoka kwake. Nalisema hili kwa sababu nimelitenda.

Kosa langu

Nilipokuwa nasoma shahada ya ualimu nilirudi nyumbani Kyela kufanya utafiti. Mada yangu ilikuwa sababu za utoro katika shule za msingi, na nilichagua shule chache za vijijini, si mbali na Ipyana nilikozaliwa. Nilikuwa na barua ya chuo, barua ya Katibu Tawala wa Wilaya, barua ya Mkurugenzi wa Halmashauri na muhuri wa mtendaji wa kata. Kama mtu angeniuliza siku ile iwapo nimezingatia maadili, ningemwonyesha mihuri.

Dodoso la wazazi lilikuwa na orodha ya sentensi, na mbele ya kila sentensi visanduku vitano, kuanzia "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa". Sentensi ya kwanza ilisema: "Wazazi wa kijiji hiki hawathamini elimu." Mama mmoja mzee, ambaye nilimkuta akianika mpunga kwenye turubai, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. "Mwanangu," akasema, "jibu unalolitaka ni lipi? Nikupe uende zako, na mimi niuwahi mpunga wangu kabla ya mvua." Nami nikacheka, nikaweka alama kwenye "nakubali". Sikutambua kwamba nimefundishwa epistemolojia bila kulipa ada.

Dodoso la wanafunzi lilikuwa na swali la wazi mwishoni: "Ni jambo gani linakufanya usipende kuja shule?" Juu ya karatasi niliandika kwa herufi kubwa: USIANDIKE JINA LAKO. Mwalimu mmoja alijitolea kunikusanyia karatasi za darasa lake wakati mimi niko darasa la pili. Nikamshukuru kwa ukarimu wake. Msichana wa darasa la sita alikuwa ameandika kwamba zipo siku wanapelekwa kupalilia shamba la mwalimu wakati wa vipindi, na anayekataa huchapwa. Jina hakuandika. Lakini mwalimu anayesahihisha madaftari ya watoto kila siku hahitaji jina. Mwandiko nao ni jina.

Habari hizo nilizipata wiki kadhaa baadaye, sokoni, kutoka kwa shangazi wa mtoto. Msichana aliitwa mbele ya wenzake, akaadhibiwa kwa kosa la kuichafua shule mbele ya mgeni. Tangu siku hiyo hakukanyaga shule hadi muhula ukaisha. Na mimi nilikuwa nimekwisha kupita mara ya pili kunakili daftari la mahudhurio. Niliporudi nyumbani nilifungua karatasi zangu. Alikuwemo. Nilikuwa nimemhesabu miongoni mwa watoro, na kwenye safu ya sababu nilikuwa nimejaza: "mwamko mdogo wa wazazi".

Utafiti wangu ulisababisha utoro, kisha ukauhesabu, kisha ukamsingizia mama yake. Tarehe ya kuwasilisha ilikuwa imekaribia, nami sikubadilisha chochote. Tasnifu ilipata alama nzuri.

Niliyoyadhania

Mafrateri wananielewa haraka ninapowaambia kwamba dodoso lile lilikuwa na falsafa nzima ndani yake, ingawa sikuandika hata neno moja la falsafa. Tukilisoma kwa maswali wanayofundishwa darasani tunaiona.

Swali la kwanza ni la ontolojia: utoro ni kitu gani? Mimi nilidhani ni tabia iliyomo kichwani mwa mzazi. Kwa hiyo nilipima vichwa. Ningelisoma daftari la mahudhurio kwa makini ningeona jambo jingine. Siku za kukosekana hazikutawanyika ovyo. Zililundikana wiki ambazo mpunga unaiva na watoto wanakwenda kuamia ndege, na tena siku za masika. Anayelijua bonde letu anaelewa. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zote zinateremka kutoka milimani kuja ziwani, na zikifurika njia ya kwenda shule inakuwa mto. Utoro ule ulikuwa na kalenda. Mzazi anayeuza mpunga ili anunue sare za shule hawezi kuambiwa hathamini elimu kwa sababu mtoto wake aliulinda mpunga huohuo.

Swali la pili ni la epistemolojia: jibu linakaa wapi? Mimi nilidhani limekaa ndani ya mtu kama mchele ndani ya gunia, na kazi yangu ni kuchota tu. Yule mama alinionyesha kwamba jibu huzaliwa kati ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa na mihuri ya serikali. Aliniona nilivyo: mgeni mwenye haraka, mwenye uwezo wa kuandika jambo baya au jema juu ya kijiji chake. Akanipa jibu la adabu.

Swali la tatu ni la maadili: ridhaa ni ya nani? Mimi nilidhani mkuu wa shule akishakubali, wote wamekubali. Mtoto niliyetaka kujua mawazo yake sikumwuliza kama yuko tayari kuyatoa.

Mtaona kwamba dhana hizo tatu zinashikana. Kwa kuwa nilidhani jibu ni mchele gunini, sikujali nani anashika gunia. Kwa kuwa sikujali nani anashika gunia, mtoto aliumia. Na kwa kuwa wenzake waliona alivyoumia, nina hakika kwamba mtafiti aliyefuata katika shule ile aliandikiwa kuwa kila kitu ni kizuri.

Sisemi kwamba takwimu ni adui. Daftari la mahudhurio ni takwimu tupu, na ndilo lililokuwa na ukweli ambao dodoso langu lilikosa. Aristotle alikwisha kutufundisha kwamba kila somo tulidai uhakika wa kadiri linavyoweza kutoa, wala tusimdai msemaji wa baraza kile tunachomdai mwanahisabati. Siku za kukosekana shuleni zinahesabika. Thamani ambayo mama anaipa elimu ya mwanawe haihesabiki kwa visanduku vitano.

Waliotangulia na daftari

Mimi si wa kwanza kuja na majibu yangu mfukoni. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ya Marekani, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, ilipita Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwamo, kuchunguza elimu ya Waafrika. Ilikuwa na mjumbe mmoja Mwafrika, J. E. K. Aggrey kutoka Gold Coast. Ripoti yake ilisisitiza elimu "inayofaa" maisha ya kijijini: kilimo, afya, ufundi. Mengi ndani yake ni ya busara. Lakini mfano walioubeba ulitoka kwenye shule za Hampton na Tuskegee, zilizojengwa kwa ajili ya watu weusi wa kusini mwa Marekani, na ulitangulia kuja kabla ya mtoto wa Tanganyika kuulizwa lolote.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha katika shule za Kikatoliki za Tabora na Pugu, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na jembe likaingia shuleni tena. Jembe lilikuwa lilelile, ila falsafa ilikuwa nyingine. Kwa Mwalimu mwanafunzi ni mtu huru katika jamii ya watu sawa, na kazi ya shamba la shule aipange pamoja na walimu wake na aone matunda yake. Mtafiti anayeandika tu "wanafunzi wanalima" hajatuambia kitu. Je, wanalima shamba la shule waliloamua pamoja, au wanapalilia shamba la mwalimu wakati wa hesabu? Yule msichana alijua tofauti hiyo na aliieleza kwa sentensi moja. Mimi niliyesoma waraka ule chuoni sikuiona.

Na hapa kwetu tuna mfano wa karibu zaidi. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, wakati Kyela ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Rungwe. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica, binti wa wamisionari wa Lovedale nchini Afrika Kusini, ndiye aliyeendelea kuandika. Kitabu chake Good Company cha mwaka 1951 kinaeleza vijiji vya rika. Wavulana wakifika umri wa miaka kumi hivi waliacha kulala kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja, wakala kwa zamu kwa mama zao, na baadaye wakaoa na kuendelea kuishi kijiji kimoja wakiwa watu wa umri mmoja. Ukikisoma leo ni kitabu cha elimu: kinaonyesha jinsi mtoto alivyofundishwa ukarimu, mashauri na kuvumiliana na wenzake, bila darasa.

Nawaheshimu akina Wilson kwa sababu moja. Walijifunza Kinyakyusa, wakakaa. Kwa kukaa walilikuta neno ambalo hakuna dodoso lingelitoa: ukwangala. Ni kufurahia kuwa pamoja na wenzako, kula nao, kuzungumza nao kama watu sawa, kusaidiana. Wazee waliwaeleza kwamba mtu hupata akili katika mazungumzo ya namna hiyo. Asiyezungumza na wenzake hubaki mjinga.

Lakini hata wao walikuwa na dhana zao. Walifundishwa kuiona jamii kama mwili mmoja ambao kila kiungo kina kazi yake, na macho yaliyofundishwa hivyo huona mpangilio haraka kuliko yanavyoona mabadiliko. Mwaka 1973 M. G. McKenny aliandika katika jarida la Africa akitaka muundo ule wa vijiji vya rika upimwe upya. Na kuna jambo jingine. Kazi yao ilisimama juu ya mabega ya makarani wa Kinyakyusa walioandika, kutafsiri na kueleza. Mmoja wao ni Leonard Mwaisumo. Ilibidi tusubiri hadi mwaka 2013, katika kitabu kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank, ndipo wasaidizi wa Monica Wilson wakapewa nafasi yao kama wajenzi wa maarifa yale. Ona basi jinsi jina linavyoweza kudhulumiwa kwa njia mbili. Mwaisumo alistahili kutajwa akachelewa kutajwa. Yule msichana alistahili kufichwa akajulikana. Hakuna kanuni moja ya karatasi inayomfaa kila mtu. Lazima umjue mtu na hali yake.

Ukwangala kama mbinu

Frateri mmoja aliniambia, kwa haki kabisa: "Mwalimu, akina Wilson walikuwa na miaka. Mimi nina wiki sita, na msimamizi wangu anataka majedwali." Namwelewa. Lakini ukwangala haudai miaka minne. Unadai kwamba anayeuliza na anayeulizwa wakae kama watu sawa kwa muda wa kutosha ili jibu la adabu lipite na jibu la kweli lifuate.

Nchi yetu inalijua jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dar es Salaam ilikuwa mojawapo ya mahali duniani ambapo utafiti shirikishi ulianza kupata umbo, kwa watu kama Marja-Liisa Swantz katika Chuo Kikuu na Budd Hall katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Paulo Freire naye alifika mwaka 1971. Wazo lao lilikuwa kwamba wanakijiji wasiwe chanzo cha data tu; washiriki kuchagua swali, kuchambua majibu na kuamua la kufanya. Laiti ningeketi na wale wazazi siku mbili kabla ya kuandika dodoso, wangenipa swali bora kuliko langu: shule ifanye nini wiki za ndege na wiki za mafuriko?

Sasa niseme na mafrateri hasa, maana ninyi mna hatari moja ambayo mimi sikuwa nayo. Mimi nilikuwa na mihuri. Ninyi mna kanzu. Mama wa jumuiya ndogondogo hawezi kumkatalia frateri. Atajibu hata kama hataki, na atajibu yale anayoona yanamfaa padre mtarajiwa kusikia. Tena katika mwaka wa kichungaji mtaambiwa mambo ya ndoa, ya watoto, ya umaskini, na watu wanaotafuta faraja. Hayo si data. Mtu aliyekufungulia moyo kwa sababu wewe ni frateri hajakubali kuwa mtafitiwa namba saba. Ukitaka kumhoji kwa ajili ya tasnifu, rudi siku nyingine, bila kanzu ikiwezekana, umweleze upya wewe ni nani siku hiyo na unataka nini, na umpe nafasi ya kukataa bila aibu. Kama hawezi kukataa, basi ndiyo yake haina maana.

Kwa watoto, sheria nayo ipo wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inataka maslahi yake yatangulie, na inampa haki ya kutoa maoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatukumbusha kwamba taarifa za mtu si mali ya aliyezikusanya. Lakini sheria haikukusanyii karatasi. Zikusanye mwenyewe, ndani ya boksi lililofungwa, na mwalimu wa darasa awe nje. Swali ambalo jibu lake laweza kumletea mtoto adhabu, aulizwe kwa mdomo, faraghani lakini mahali panapoonekana, au lisiulizwe kabisa. Na kama huna namna ya kumlinda, ukubali kutojua. Si kila tunachotaka kujua tuna haki ya kukijua.

Kwenu waamini wa parokia: mnaulizwa sana, na mnajibu kwa ukarimu. Ukarimu huo msiuache, ila na ninyi ulizeni. Huyu ni nani, ametumwa na nani, majibu yetu yanakwenda wapi, nani atayasoma, na lini atarudi kutuambia alichokiona? Mtafiti mwaminifu hatakasirika. Asiyeweza kujibu maswali matano ya mama anayeanika mpunga hayuko tayari kumwuliza yake ishirini. Na kurudi ni wajibu. Nakala moja ya tasnifu ikae shuleni au parokiani, na kurasa mbili za matokeo zisomwe kwa Kiswahili chepesi mbele ya waliotoa majibu. Wakisema "hapa umekosea", hilo nalo ni data, pengine bora kuliko zote.

Ipyana, kwa Kinyakyusa, maana yake ni neema. Neema hupokelewa, hainyang'anywi, na ndivyo ninavyoyaona sasa maneno ya watu wanaokubali kutueleza maisha yao.

Miaka mingi baada ya tasnifu ile nilimtafuta yule msichana. Alikuwa mtu mzima, mama wa watoto watatu, anauza mchele. Nilimweleza yote, pamoja na ile safu niliyojaza juu ya mama yake, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza huku akipima mchele wa mteja. Kisha akaniuliza kama ile karatasi yake bado ninayo. Nilikuwa nayo, kwenye boksi, pamoja na nyingine zote. Wiki iliyofuata nilimpelekea. Aliikunja bila kuisoma, akaiweka kwenye mkoba wake wa fedha, akasema, "Ndaga, mwalimu." Sikumwuliza swali lolote.